Opereta Aliyepiga Magoti

Ni kweli, ilikuwa kwa sababu ya nyumba.

Kwa miaka mingi nimekana. Nimekana mbele ya wakaguzi wa elimu, nimekana kwenye warsha za mitaala nilikoalikwa kueleza chimbuko la kozi ya simu na mashine za ofisi, na nimekana hata mbele ya mume wangu, ambaye tangu tuoane anaamini alioa mwanamke mwenye maono. Kila nilipoulizwa nilisema kozi ile ilitokana na utafiti. Nikivaa miwani nasema "utafiti wa kina". Hakukuwa na utafiti. Kulikuwa na nyumba ya mawe yenye dohani na mahali pa kuota moto sebuleni, na mwenye haki ya kukaa humo alikuwa mkuu wa idara ya uhazili, yaani mimi, mradi idara yenyewe iwepo. Na idara ilikuwa inakata roho.

Aliyewahi kulala Iringa mwezi wa sita bila moto atanielewa. Wengine na wanihukumu.

Nilifika pale katikati ya miaka ya sabini, nimetoka chuo kikuu moja kwa moja, nikiwa na digrii, nywele kubwa, na miwani ambayo macho yangu hayakuihitaji. Nilikuwa nimesoma nadharia za mawasiliano katika jamii zinazoendelea. Nikapangiwa idara ya uhazili katika chuo kidogo kilichokuwa juu mlimani, kikitazama Ipogolo na malori yake kule chini. Wanafunzi wetu walikuwa wasichana wa darasa la saba na wachache wa sekondari, na tuliwafundisha kupiga chapa na hatimkato kwa miaka miwili. Mimi mwenyewe nilipiga chapa kwa vidole viwili, mlango ukiwa umefungwa.

Shida ilikuwa kwamba wasichana walikuwa wanayeyuka. Walikuja Januari wamejaa bweni, wengine wawili kitanda kimoja. Ikifika nusu ya mwaka unaingia darasani unakuta taipureta nyingi zimefunikwa vitambaa kama wafu. Mwaka wa pili ukianza, waliobaki wanatosha kukaa kwenye mkeka mmoja. Bodi ya chuo ikaanza kuuliza kama kuna haja ya kuwa na idara nzima kwa ajili ya mkeka mmoja.

Nikaandika ripoti. Nilieleza kwamba utoro ulisababishwa na mila kandamizi, msimu wa mavuno, na mgongano kati ya maadili ya kijadi na nidhamu ya kazi za kisasa. Ilikuwa ripoti nzuri. Mkuu wa chuo, mzee wa Kibena aliyekuwa mchungaji kabla ya kuwa mkuu na hakuwahi kuacha kabisa kazi ya kwanza, aliisoma yote akaniuliza, "Umewauliza wenyewe?"

Sikuwa nimewauliza. Nadharia haikuwa imefika huko.

Siku chache baadaye nilimkuta msichana wa mwaka wa kwanza getini, amekalia sanduku lake la bati, anasubiri lori.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Mwalimu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Umechumbiwa?"

"Bado, Mwalimu. Kwani unaye mtu?"

Nikajifanya sikusikia. "Sasa kwa nini unaacha masomo?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya sokoni. "Dada yangu alimaliza hapahapa, Mwalimu. Cheti chake kimetundikwa ukutani, kina kioo. Yeye amekaa chini ya cheti anapukuchua mahindi. Mimi kupukuchua najua tayari."

Lori likaja, akapanda, akanipungia mkono kwa furaha kabisa. Mila kandamizi hazikuonekana popote.

Basi nikaenda Mbeya. Iringa ofisi zilikuwa zimeshajaa wapiga chapa wetu wa miaka ya nyuma, lakini Mbeya ilikuwa inachangamka: reli ilikuwa imefika, barabara ya Zambia imejaa malori, na kila wiki mtu alikuwa anafungua ofisi na kutafuta meza. Nikazunguka nikiwauliza mameneja kwa nini hawawachukui wasichana wetu. Wakati ule sote tulikuwa ndugu, hata waliokunyima kazi, kwa hiyo nilinyimwa kindugu, na chai juu.

Aliyenijibu kwa uwazi alikuwa meneja wa kampuni moja ya malori. Alikuwa mtu wa Tanga, na hakuwahi kuisamehe Mbeya kwa baridi yake. Alinipokea ofisini amevaa koti zito, skafu shingoni, na chini ya meza ana jiko la mkaa ambalo nusura liniunguze viatu.

"Ndugu Mwalimu," alisema, "wasichana wako wanapiga chapa kama malaika. Simu ikilia wanatoka nje."

"Wanatoka nje?"

"Wote! Nimewajaribu watatu. Wa mwisho alikwenda msalani saa tatu akarudi mchana."

"Sasa nani anapokea simu zako?"

Akaelekeza kidole ukutani, na papo hapo tukasikia sauti chumba cha pili ikinguruma: "Nani wewe! Sema! Sema haraka!"

"Huyo alikuwa askari," meneja alisema. "Anapokea simu kama anakamata mwizi. Wateja wangu wa Chimala, wenye mashine za mpunga, sasa wanaogopa kupiga. Wapiga chapa wako tele kama maparachichi. Niletee mtu mmoja anayejua simu, nitamchukua kabla hujamaliza chai."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naona moto wa sebuleni kwangu ukiwaka.

Mkuu wa chuo aliwaandikia watu aliowahi kuwabatizia watoto, na shamba moja la chai huko Mufindi, ambalo lilikuwa limepata mtambo mpya, likatupa swichibodi yake kuukuu. Ilikuja imefungwa magunia, ikinukia majani ya chai. Lilikuwa sanduku la mbao refu kama kabati, uso wake umejaa matundu, na mbele yake kamba zenye vichwa vya shaba: simu ikiingia, unachomeka kamba kwenye tundu la anayepiga na nyingine kwenye tundu la anayetakiwa, watu wanaongea. Fundi akaitegesha kwenye meza ndefu darasani, akavuta waya hadi ofisi ya mkuu na mwingine hadi stoo. Tukaongeza mashine ya kudurufu na mafunzo ya kupanga mafaili, nikaiita kozi, nikaipa jina refu.

Wiki ile hakuna aliyeondoka. Walikuwa wanakuja kulitazama sanduku hata Jumapili baada ya ibada.

Nilikuwa na kitabu cha mafunzo cha Kizungu, nikakitafsiri. Kilisema opereta ataje jina la ofisi, aulize anatakiwa nani, aseme subiri, aunganishe. Maneno matano sita, yamekwisha. Niliandika ubaoni: UFUPI NDIO ADABU YA SIMU. Darasa zima likaandika, na hakuna aliyeamini.

Wa kwanza kukaa kwenye sanduku alikuwa msichana mrefu wa Kisukuma kutoka Usangu. Ukoo wao ulikuwa umehama kutoka Shinyanga na ng'ombe, ukifuata majani, hadi ukatua tambarare ile upande wa Chimala. Alikuwa na sauti nzuri, tulivu, ya mtu anayejua ng'ombe wanamsikia kutoka mbali. Nikamvisha kisikilizio kichwani. Mkuu wa chuo akapiga kutoka ofisini kwake.

Taa ikawaka. Msichana akachomeka kamba, barabara kabisa. "Chuo," akasema. Halafu akatoweka.

Sisemi kwa mafumbo. Mtu alikuwa kitini, na sasa kiti kilikuwa kitupu. Kamba zilichomoka kutoka kwenye matundu, tap, tap, tap, na kutoka sakafuni nyuma ya meza tukasikia: "Shikamoo, baba. Habari za kuamka? Mama hajambo? Watoto?"

Nikazunguka. Alikuwa amepiga magoti, macho chini, kisikilizio kichwani, na kamba zote mapajani. Mstari ulikuwa umekufa zamani.

"Inuka! Unafanya nini?"

"Ni mtu mzima, Mwalimu."

"Umejuaje? Hata jina hajataja!"

"Amekohoa."

Darasa likaguna kukubali. Kwa Wasukuma, kwa Wanyakyusa, kwa wengi wao waliokaa mle, binti hamsalimu mtu mzima amesimama wima kama nguzo. Unashuka. Kwamba mtu mzima mwenyewe yuko chumba kingine, au wilaya nyingine, hakukubadilisha kitu. Goti halikujua umbali.

Nikamweka Mhehe. Yeye hakupiga magoti, lakini alisema "kamwene", salamu ya kwao, akauliza ya nyumbani, ya shambani, ya ng'ombe, akauliza mvua, na alipomaliza mkuu alikuwa amesahau alitaka kuongea na nani. Nikakasirika. Nikakaa mwenyewe kwenye sanduku kuwaonyesha.

"Chuo. Unataka nani?" nilisema. "Subiri."

Nikaunganisha. Kamba ziliingia safi. Baada ya muda mfupi mlango ukafunguliwa kwa kishindo, mkuu wa chuo akaingia, ametoka ofisini mbio, ndevu zimesimama.

"Nani amenijibu hivyo?"

"Ni mimi, mchungaji. Ndio utaratibu wa..."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, ni kitabu..."

"Tumeamka salama wote wawili, tumekunywa uji, halafu unaniambia 'subiri' kama mimi ni mbwa mlangoni?"

Wasichana walifunika midomo kwa mikono. Nilifuta ubao. Lakini sikukata tamaa, maana Mbeya meneja alikuwa anangoja mtu mfupi wa maneno, na bodi ilikuwa inangoja kuona kama kuna mhitimu hata mmoja anayeweza kupata kazi kwa kozi hii. Asipopatikana, sanduku litarudi Mufindi na mimi nitahamia chumba kimoja nyuma ya bweni, chenye dirisha lisilofunga.

Hayo yalikuwa ya kwangu, na ni madogo. Ya msichana yalikuwa makubwa, na tuliyajua siku baba yake alipokuja.

Alishuka kutoka kwenye lori pale Ipogolo akapanda mlima kwa miguu, blanketi begani, fimbo mkononi, viatu vya matairi. Alimsalimu kila mtu aliyemwona, pamoja na mimi mara mbili, kisha akasema haja yake.

"Niliuza dume zuri huyu mtoto asome. Dume lenye nundu hii. Sasa nimekuja kuona dume langu limekuwa nini."

Nikamweleza kuhusu mawasiliano ya kisasa. Alisikiliza kwa makini sana.

"Kwa hiyo anajifunza kuitika akiitwa," alisema. "Hilo alikuwa analijua akiwa na miaka mitatu."

"Hapana, mzee, ni zaidi ya hapo. Ngoja uone."

Tukampeleka ofisini kwa mkuu, tukampa mkonga wa simu. Aliushika kama mtu anayepima ndizi kama imeiva. Mimi nikakimbilia darasani. Nilikuwa nimemwonya binti: leo, nakuomba, kaa kitini. Akaniahidi. Alikuwa anatokwa jasho.

Taa ikawaka. Akachomeka. "Chuo," alisema. Halafu kutoka kwenye kisikilizio hata mimi niliisikia sauti ya mzee: "Weee. Uko wapi?"

Sitasahau jinsi alivyopambana. Alishika meza kwa mikono miwili. Miguu ikaanza kukunjika yenyewe. "Mwangaluka, baba," akamsalimu kwa Kisukuma, na sentensi ilipofika mwisho yeye alikuwa sakafuni, kamba mapajani, na mstari umekatika.

Mzee alikuja darasani akimtafuta. Alipomwona chini, amepiga magoti, alifurahi kwa upande mmoja. "Hajaharibika," alimwambia mkuu. Kisha akaligeukia sanduku. "Lakini mashine hii imemmeza. Nilikuwa namsikia, halafu simsikii. Kama ndiyo kazi yake, hajaijua." Akafikiri, akichora sakafuni kwa fimbo. "Mama mwalimu, nyuma ya huyu wako wawili. Nao wanalia wanataka chuo. Mimi si mtu mbaya. Mvua ikianza, nikikuta ana kazi, abaki, na hawa wawili nitawaleta. Nikikuta hana, narudi naye, na hao wengine wasinisumbue tena. Siwezi kuuza madume ili watu wajifunze kuitika."

Binti hakulia. Alizikusanya kamba, akazirudisha moja moja mahali pake, na usoni alikuwa mkavu kabisa. Baba yake alipoondoka alinifuata.

"Mwalimu, tatizo si mimi. Ni meza."

"Meza imefanya nini?"

"Iko juu. Mtu akikaa juu lazima ashuke. Nikiwa chini tayari, nashuka kwenda wapi?"

Hivyo tukaikata miguu ya meza. Mkuu alilalamika kwamba ilikuwa zawadi ya wamisionari, na ililetwa kwa meli, lakini aliishikilia mwenyewe seremala alipopiga msumeno. Tukatafuta kigoda. Msichana akakaa, magoti yake karibu yaguse sakafu, kwa adabu zote, na mikono iko huru. Mkuu akapiga, akakohoa kwa nguvu kuliko kawaida, maana alikuwa ameanza kuufurahia mchezo. Sauti ikatoka tulivu: shikamoo, habari za kuamka, na kamba zikabaki mahali pake.

Jambo la pili tuliligundua sote kwa kubishana. Mimi nilikuwa nakazania ufupi, wao wanakazania salamu, hadi mmoja akauliza, "Mwalimu, ukiomba simu ya Mbeya, unangoja muda gani mpaka posta wakupe laini?" Nikasema, unangoja mpaka chai ipoe. "Sasa wakati huo wote tunakaa kimya na mtu wa watu?" Hapo ndipo kozi yetu ilipozaliwa kweli. Tuliacha kuzifupisha salamu, tukazihamisha. Mkono unatafuta laini, mdomo unauliza hali ya mama. Laini ikipatikana, salamu zinakwisha. Walifanya mazoezi mpaka mtu aliyepiga hakujua kwamba alikuwa anangojeshwa, alidhani anapendwa. Kwenye warsha hili naliita "matumizi ya muda mfu", na huwa sitaji ni nani aliyeuliza lile swali.

Mwezi wa kumi nilimpeleka yule binti wa Usangu Mbeya kwa majaribio. Alichukua kigoda chake, amekifunga kwa kanga.

Ndipo nilipokumbuka, tumeshafika, kwamba meza ya Mbeya hatukuikata. Swichibodi ya meneja ilikuwa imejengewa ukutani, na ukiwa kwenye kigoda hufikii hata tundu la chini. Binti aliitazama, akakitazama kigoda, akakisukuma pembeni kwa mguu.

"Nitakaa kitini," aliniambia taratibu. "Lakini mtu mzima akipiga, navua viatu."

"Viatu?"

"Lazima kitu kishuke, Mwalimu."

Meneja alimsikiliza akipokea simu ya kwanza. Alikuwa mzuri mno. Alimuuliza mwenye mashine ya mpunga habari za mke, za mpunga, za mguu uliokuwa unauma, huku mkono unaunganisha. Meneja akakunja uso ndani ya skafu.

"Ndugu Mwalimu, nilikuomba opereta. Umeniletea mtu wa kutembelea wagonjwa."

"Ni njia yetu mpya, ndugu meneja. Salamu zinakaa ndani ya muda wa..."

"Na kwa nini hana viatu, katika baridi hii?"

Nikaanza kueleza nadharia. Akainua mkono. "Nitamjaribu mpaka mwisho wa mwezi, kwa njia yangu. Binti, sikiliza. Hallo. Nani. Subiri. Basi! Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba," alisema, kwa sababu meneja alikuwa mtu mzima na alikuwa amemwamuru.

"Mwisho wa mwezi nitapiga," meneja aliniambia. "Nisipopiga, njoo umchukue."

Nilirudi Iringa nikiwa na uhakika nimemwangusha. Nilimfundisha njia moja, nikamwacha kwa mtu anayetaka nyingine, naye alikuwa binti mwenye kutii.

Mvua iliwahi. Ilianza na upepo mkali uliong'oa bati mbili za bweni, na siku ya pili yake mzee wa Usangu alikuwa ofisini kwa mkuu, blanketi linachuruzika, akinywa chai. Nikamuuliza kwa nini hakwenda Mbeya moja kwa moja, maana kwao ni karibu zaidi.

"Niliyepatana naye ni wewe," alisema. "Huko Mbeya simjui mtu. Haya. Ana kazi?"

"Tunangoja simu, mzee."

"Ile inayomeza watu?"

Tukangoja. Mwezi ulikuwa umebakiza siku moja. Mkuu alihubiri kidogo kuhusu subira, mzee akamjibu kwa habari ya mbegu ya choroko, nami nikakaa nikiutazama mkonga wa simu ya posta mezani kwa mkuu. Siku ile ikapita bila kitu, mzee akalala kwa mkuu. Kesho yake, tukiwa tumekata tamaa na mzee ameshakunja blanketi, simu ikalia.

Nikainua. Ilikuwa sauti ya binti.

"Chuo?"

"Ndiyo! Ni mimi! Habari za..."

"Subiri. Ongea."

Basi. Hakuna shikamoo, hakuna habari za Iringa. Mimi niliyeandika ubaoni kwamba ufupi ni adabu nilijua mara moja, kama ambavyo mtu yeyote wa huku angejua, kwamba kuna jambo baya limetokea. Mtu haongei hivyo ila akiwa na msiba. Nilimtazama mzee, naye alikuwa ameshasoma uso wangu, ameshika fimbo.

Meneja akaingia. "Ndugu Mwalimu! Hujambo? Mkuu hajambo? Baridi ya huko vipi? Mvua imewakuta salama?"

Nilidhani ni mtu mwingine. Yule mwanamume hakuwahi kuniuliza hali hata nilipokuwa mbele yake.

"Tuko salama," nilisema. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Ndicho nilichopigia! Hakuna aliyekufa! Wote mnauliza hivyohivyo!" Akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyechoka. "Mwalimu, binti yako alinitii. Hallo, nani, subiri, kama nilivyomwagiza. Wale wa Chimala walikuwa wamezipenda salamu zake siku ile ya kwanza. Waliposikia amekuwa mfupi, wakaambiana kuna msiba ofisini. Juzi wamekuja, wamejaa kwenye lori. Na mchele, na kuku. Wanawake wamejifunga kanga wameanza kulia tangu getini."

"Mungu wangu."

"Nikatoka nikawaambia, jamani, hatujafiwa. Hawakuniamini. Wakaniangalia hivi, koti, skafu, macho mekundu, nina mafua. Wakasema maskini, ni mke wake, anajikaza. Mwalimu, nimepokea rambirambi za mke wangu, naye yuko nyumbani kwake mzima, ameshaambiwa, na tangu juzi hasemi nami." Akakohoa. "Wamekaa mpaka jioni. Na wakati huo, katika kulia kwao, wamenipa mizigo ya msimu mzima. Wanasema hawawezi kumwacha mfiwa peke yake."

Nilikuwa nimekaa sakafuni. Sijui nilifikaje.

"Kwa hiyo nimebadilisha. Simu za kutoka, fupi, maana tunalipa sisi. Za kuingia, asalimu. Asalimu mpaka achoke, avue viatu, avue na soksi. Askari nimemrudisha getini. Kazi ni ya binti, nimeshatia saini. Na kama unaye wa pili mwenye sauti kama hiyo, nina ofisi Tunduma."

"Amesemaje?" mzee aliuliza. Nikamwambia. Kazi ni ya binti yake. Hakuonyesha kitu usoni. Aliiegemeza fimbo ukutani, akaangalia dirishani mvua ikinyesha.

"Muulize," alisema mwishowe, "huko anakula nini."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya binti ikatoka kwenye mkonga, maana kama maopereta wote alikuwa bado kwenye laini akisikiliza. "Mwambie baba ni ndizi, Mwalimu. Asubuhi ndizi, mchana ndizi."

"Ndizi!" Mzee aliunyakua mkonga mkononi mwangu akaupigia kelele upande usio wenyewe. "Mtoto wa watu wa ng'ombe anakula ndizi! Hawana maziwa huko? Nitakuletea maziwa, unasikia? Mgando!"

"Shikamoo, baba, nasikia..."

"Jamani!" meneja alilia kutoka Mbeya. "Hii ni simu ya kutoka!"

Mzee akamkabidhi mkuu mkonga, akakunjua blanketi lake, akakaa tena kitini kama mtu asiye na haraka.

"Mchungaji," alisema, "hao wadogo zake wawili, chuo kinafungua lini?"